Nyumba Yako ya Bruges

Ruashi, kisha ya misa ya asubuhi

Yaya Donat, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia mu jina la Yezu. Habari ya kule? Ile kifua yako imepona? Najua, habaulizake marehemu afya. Lakini Mama alitufundisha kama barua isiyouliza afya ni sawa na kuingia mu lupango ya batu bila kupiga hodi. Siye huku tuko bazima. Mama miguu inamuvimba kidogo, na Floribert, mudogo wetu, angali anapanda lori ya mugodi wa Kinsevere kila asubuhi na kurudia mwekundu wa vumbi. Mimi niko. Nasali. Lakini nikifika ku jina lako rozari inanikwama mu vidole, njo maana nakuandikia.

Nilifika mu nyumba yako ya Bruges, kule kwa bazungu.

Ile ya mu foto. Mbao nyeusi za kale ku dari, madirisha marefu yanaangalia maji ya mufereji, na kile kiti chekundu chenye ulikaaka mguu juu ya mguu kama gavana. Uliniandikia: “Bea, hii nyumba inapita babu ya babu yetu kwa miaka. Chumba cha nyuma ni chako, kinakungoja.” Foto hiyo nilitembea nayo mu telefone mpaka bamama bote ba kwaya bakajua rangi ya mapazia yako.

Unakumbuka kilio cha Baba, siku tulimuzika? Hapana, haukukuwa. Haukukuja, haukutuma kitu. Floribert alisimama katikati ya batu akapiga kelele: “Yeye analala mu nyumba ya bafalme, na baba yake anazikwa mu sanduku ya mbao za kuokota!” Nilisimama na nguvu mpaka kitambaa kikanianguka ku kichwa, nikamujibu: “Funga kinywa chako! Nyumba ya kale inakula pesa, unajua nini, weye? Yaya namujua. Mimi ananiambiaka yote.”

Yote, Yaya. Nilisema yote, mbele ya batu.

Na nilikuwa na haki ya kusema vile. Nani alijua wa kwanza kama unatoroka ku seminari? Ni mimi. Nilikaa na ile siri; Padri alinibembeleza hata na mikate, na hakuipata.

Ulipokufa, na bakakuzika kulekule, parokia ilinisaidia nikaenda kuona kaburi. Bazee ba kilio baliniambia: “Ulete kitu yenye iligusa mwili wake, tuizike pembeni ya Baba.” Mama alikuwa anachambua mboga ya lengalenga. Hakuinua macho. Alisema tu: “Kama unakamata kitu mu ile nyumba, Bea, uombe kwanza.” Nilishangaa. Niombe nani, mu nyumba ya yaya yangu?

Kasongo, rafiki yako wa kanisa, alinipokea ku gari-moshi. Tulipitia ku kaburi, tukasali. Kisha akanipandisha ngazi nyembamba, inasimama kama ya kuchumia matunda, akanipa ufunguo. “Ni humu Donat alikuwaka, dada,” akasema, akiangalia viatu vyake, akashuka mbio. Nilizania ni uchungu.

Niliingia peke yangu. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda chako. Nililia mu muto wako mpaka ukalowana. Nilikaa mu kiti chekundu nikakuomba musamaha kwa kuwa sikukuja ungali hai. Kuta zile nilizisemesha, Yaya! Nilizishukuru kwa kukutunza. Asubuhi ya kurudi nikatoa shuka ya kitanda, nikaikunja, nikaiweka mu valizi chini ya vitenge.

Valizi ikiwa bado wazi, musichana mumoja muzungu akaingia na kikapu cha mashuka ya safi. Akatandua kitanda. Akatafuta, akatafuta. “Madame, kunakosa shuka moja.”

“Haikosi,” nikamujibu. “Iko mu valizi yangu. Ni ya kaka yangu, mwenye nyumba.”

“Mwenye nyumba ni mama mumoja muzee, madame. Humu tunapangishaka bageni. Banalala siku mbili tatu, sawa na weye, mwenye Kasongo alilipia, banaenda. Bengine banafika leo mchana.”

Nilicheka. Nilimuhurumia hata. Nilitoa telefone, nikamuonyesha foto yako: “Na huyu?”

“Ah, Donat!” akasema, na furaha ya muntu mwenye alikupenda. Kisha akaziba kinywa na mukono.

Akanishusha mpaka chini ya nyumba. Mashine za kufulia, meza ya kupigia pasi, na ku musumari koti lako la kazi, la buluu. Pale njo ulikuwa. Ulifulaka mashuka ya bageni, na bageni bakiisha kuondoka, bengine bakiwa bado kufika, ulipandaka juu kukaa mu kiti chekundu na kujipiga foto.

Unisikie muzuri: kazi yako hainipi haya. Baba alipigia bazungu pasi mpaka akatujengea hii nyumba ya Ruashi. Shuka nilirudisha na mikono miwili. Musichana akasema nikae nayo. Nilikataa. Akatoa koti ku musumari, akanipa. Hilo nililikamata.

Mu ndege nzima niliwaza kitu kimoja: Mama. Nitamuvunja roho namna gani? Nilimuomba Bikira Maria anipe maneno. Nilipofika nikaondoa batu, nikakaa pembeni yake ku mukeka, nikatoa koti. “Mama, nyumba haikuwa yake. Alikuwa anafulaka mashuka.”

Mama akashika kola. Akainusa.

“Minajua,” akasema.

“Toka lini?”

“Toka mwanzo. Aliniambiaka. Alinikataza: ‘Mama, usimwambie Bea. Bea njo muntu mumoja tu mwenye ananiona mukubwa.’”

Yaya...

Ile siku ya kilio, kumbe, nikipiga kelele mbele ya batu, Mama alikuwa amekaa pale anajua. Na weye kule ulijua. Mukaniacha nipige kelele.

Ulizania nilipendaka nini, madirisha? Mimi nilikupenda ukiwa na kaptula moja yenye tobo mbili. Ningekuja kufula na weye. Tungeimba.

Koti tulizika pembeni ya Baba. Floribert alilia kutupita siye bote, anakuita: “Kama ningejua, Yaya, kama ningejua.” Mimi machozi yalikataa. Niliishaka kuyamaliza kule, mu muto wa bageni.

Lakini nakuahidi: nitakuombea. Hata leo nilikuombea, na hasira yangu yote, Mungu anajua namna ya kupokea sala kama hiyo. Na siku ya Mungu, jumapili hii, kisha ya kwaya, nitabaambia bamama na kinywa changu: kaka yangu alikuwa mufuaji, na nilidanganywa.

Lala na amani, Yaya wangu. Unijibu mbio, hata mu ndoto. Lakini mara hii usipitie kwa Mama. Uje kwangu mwenyewe.

Mudogo wako,
Bea