Kifua cha Mama

Dada Zoraida,

Oruro kuna baridi kali, lakini mimi sokoni nilikuwa nikilowa jasho. Mume wangu alinitania, "Eduviges, mwaka huu hatununui makaa!" Usingizi ulinipotea, nikawa nagombana hata na wateja.

Daktari alisema ni dalili za kukoma hedhi, akanipa vibandiko vya homoni vya kubandika ngozini, nikalala, nikacheka tena. Mwanzoni nilimwambia daktari kwamba Mama alifariki kwa kifua. Jana akauliza, "Kifua kipi, mama? Mapafu au saratani ya titi? Kama ni titi, homoni hizi tuzifikirie upya."

 Nimekibandua kibandiko, jasho limerudi, na sasa nina hofu pia.

Wewe ndiye uliyemwogesha Mama, tena ulifunga mlango. Najua hupendi kuyasema. Niandikie neno moja tu, dada.

Mdogo wako,
Eduviges