Mifereji Iliyofungwa kwa Heshima Yangu

Jumatano usiku

Nimeudhika, halafu nacheka, halafu naudhika tena. Karatasi ya mashindano ya wanafunzi kwenye kongamano la wahandisi inatakiwa Ijumaa. Leo nilipanda ghorofa ya juu ya ploti yetu, jengo la wapangaji hapa Kware, nipime presha ya maji, nionyeshe kwa nini hayafiki huko.

Yalikuwa yanafika! Tena kwa nguvu.

Kumbe Mama Shiru wa chini alipita mlango kwa mlango asubuhi: "Injinia wetu anapima maji leo. Fungeni mifereji maji yapande juu, msimwaibishe." Ploti nzima ikatii.

Huruma yao imeniharibia utafiti. Nitawaambia nini majaji? Nilitaka kulia pale kwenye ngazi.

Ndipo Mama Halima wa juu akatoka, mikono imejaa povu. Alikuwa anafua mapazia. "Kwa maji ya mfereji, mwanangu! Tangu nihamie hapa nabeba mitungi."

Nikakitazama tena kipimo: kumbe jibu ndilo hili, wa chini wakifunga, wa juu wanapata.

Basi kesho napima tena, mifereji yote ikiwa wazi, halafu nilinganishe na vipimo vya leo. Tukifungua kwa zamu, maji yanatutosha sote. Kichwa cha karatasi nimeshabadilisha.

Mama Shiru naye hangoji majaji. Zamu ameshapanga.