Bwana Yangu Hainami Tena pa Pedali Yangu

Yaya Madeleine, dada yetu mukubwa mpendwa, naomba unisaidie, juu nimefika mahali sijui tena kama shida yangu ni ya kinga, ile baiskeli yangu, ao ni ya ndoa, na kila muntu mwenye namuuliza ananijibu ya kinga tu. Mimi ni mama ya myaka makumi ine na saba, nashona uniforme ya masomo hapa Bel-Air, mashini ya kwanza nilijinunuliaka mwenyewe, hakuna ndugu mwenye alinipa hata sindano, leo niko na mashini tano na bafundi bane, na hesabu yote naifanya ku kichwa. Sisemi vile kwa kujisifu. Nasema ujue siko mwanamuke ya kulia-lia bure.

Bwana yangu, Paulin, ni muntu ya Mitwaba, anatumika ku depot ya simenti. Kila siku ya Mungu, jumapili, kiisha misa ya kwanza, mimi na yeye tunapanda kinga, tunafuata njia ya Kipushi pamoja na kikundi ya bantu ya quartier yetu, tunarudia mbele jua ikuwe kali. Ni mimi nilianza ile mambo, si yeye. Zamani nilikuwaka napeleka uniforme kwa bakiliya na kinga, na wakati ya mvua muguu ilikuwa inateleza, pedali inanipiga pa mufupa ya mbele mpaka damu. Njo nilikata ngozi ya kiti ya motokari ya zamani, nikashona mikanda ya kushikilia muguu pa pedali, mushono mara mbili, na kachuma ya kuvutia pa pembeni. Mbili ya kinga yangu, mbili ya kinga ya Paulin.

Sasa mukanda ya namna hii, Yaya, ukiisha kupanda, hauwezi kuikaza muzuri wewe mwenyewe, ao tuseme unaweza, lakini unainama, kinga inayumba, mukono moja iko huku ingine kule, unakuwa kama muntu anatafuta franga mu mufereji. Kwa ile, mu kikundi kila muntu alikuwa na mwenzake ya kumukazia mbele ya kuondoka. Yangu alikuwa Paulin. Alikuwa anapiga goti moja pa udongo, na suruali yake ya misa, anavuta mukanda polepole, anauliza, "Inakubana?" mi najibu, "Bado," anavuta tena kidogo, "Na sasa?" kiisha anapiga-piga juu ya kiatu yangu mara mbili na kiganja. Ile ilikuwa maana yake: enda. Mimi napima bantu siku muzima, Yaya, mabega, kiuno, urefu ya mukono, na hakuna muntu mwenye alinipimaka mimi na uangalifu kama ule.

Mbele ya mvua ya mwaka huu kuanza, Paulin akarudia na karton. Ndani kulikuwa pedali automatique, yangu na yake, na biatu ya kuvalia, yangu na yake, yenye Guelor, rafiki yake ya kikundi, alimuletea kutoka Zambia. Kwa mwenye hazijui: hazina mukanda, kuko kachuma chini ya kiatu, unakanyaga, inalia tak! muguu imeshikwa, kwa kutoka unapindua kisigino inje. Nikamuuliza, "Paulin, mikanda yangu ina kosa gani?" Akajibu anaangalia ukuta, "Haina kosa. Lakini na hii, mama, hauna haja ya muntu tena."

Ile neno iko mu kifua yangu kama pini yenye nilimeza.

Nilijaribu, juu sitaki baseme nakataa bintu ya kisasa. Siku ya Mungu ya kwanza, pa rond-point, pale barabara zinakutana, motokari ikasimama mbele yangu, na mimi nikasimama, kinga ikasimama, lakini miguu yote mbili iko imeshikwa na kichwa imesahau habari ya kisigino. Nilibakia wima kidogo, kiisha nikaanza kuanguka, polepole, polepole sana, nilipata hata wakati ya kuona bamama benye kuuzisha avoka banageuka bote. Mumoja akapiga kelele, "Mama, shuka basi!" Nikasema, "Siwezi!" Akasema, "Unangojea nani akushushe?" Bakacheka mpaka avoka moja ikaviringika mu barabara. Paulin alikuwa mbele, na bale ba mbio. Bakamuita, akarudia, akanikuta niko nasimama tayari na kiwiko imechubuka, akauliza, "Umeumia?" lakini hakushuka hata pa kinga, alibakia pale juu, ameegemea muguu moja. Ule Paulin ya zamani angekuwa ameisha kupiga magoti.

Na goti yangu ya kuume inauma tangu nianze ile pedali. Muguu yangu ya kuume inaangalia inje kidogo, nilizaliwaka vile, ni kama nusu sentimetre pa kidole kikubwa, na ile kachuma inataka iangalie mbele kama askari. Lakini sitaki kudanganya, mikanda pia iko na mabaya yake: ukivuta sana bidole binalala, binakuwa kama bya muntu mungine, ukilegeza sana, muguu inatembea-tembea. Donc hesabu ya pedali naijua. Haiko yenyewe inaninyima usingizi.

Yenye inaninyima usingizi ni hii: Paulin amebadirika. Zamani, magaribi, alikuwa anaikala na mimi pa kiti ya chini karibu na mbabula ya makala wakati napika bukari, ananisimulia habari yote ya depot, nani aligombana na nani, shefu alisema nini. Sasa anasimama pa mulango, ameegemea, anajibu maneno mbili. Bobine ya uzi ikianguka, bobine tu, anaita binti yetu: "Syntiche, okotea mama." Analala chini mu salon, pa mukeka, anasema ni juu ya joto, na inje mvua inanyesha, Yaya, joto gani? Hata ile biatu yake mupya, iko na mikanda yake ya kufunga juu, anaiacha wazi, inaning'inia kama masikio ya mbuzi, anarudia na bidonda pa kisigino, na nikisema neno anakasirika. Mu kikundi kuko pia mwanamuke mumoja, Gaëlle, anakimbia kama bale banaume. Sisemi kintu. Naandika tu.

Juzi nilitoa mikanda yangu ya zamani mu sanduku. Ngozi ingali na alama ya kidole yake, mahali alikuwa anashika kwa kuvuta, imekuwa nyeusi na laini. Niliirudisha pa kinga mu kiwanja, nikapanda, nikaegemea ukuta, nikainama mwenyewe, nikavuta. Ilikaza muzuri kabisa, haikubana, haikulegea. Nikaikala pale juu ya kinga, sijui nilikuwa nangojea nini. Kiisha nikashuka, nikaenda kushona.

Niambie basi. Nirudie pa mikanda, nibakie nyuma peke yangu wakati bwana yangu iko mbele na benye automatique? Ao nijikaze na automatique, goti iume, nikuwe ule muntu mwenye hana haja ya muntu? Siku ya Mungu inakaribia na mi sijui niweke nini pa kinga.

Ni mimi, Mama ya Mikanda, Bel-Air.

*

Mudogo yangu Mama ya Mikanda,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimukasirikia Paulin. Mara ya pili nilikukasirikia wewe.

Tuanze na chuma, juu njo kazi nyepesi. Goti yako inauma kwa sababu yenye umeandika wewe mwenyewe: unalazimisha muguu ya inje iangalie mbele. Kama unataka kubakia na automatique, legeza skru ya kachuma chini ya kiatu ya kuume, uigeuze kwa ile nusu sentimetre yako mpaka muguu iikale vile ulizaliwaka nayo. Pa pedali pia kuko kaskru ya kulegeza mushiko, legeza sana. Jifundishe mu kiwanja unashika ukuta, na utoe muguu moja mbele ya kusimama, si kiisha kusimama, kiisha kusimama ni wakati ya bamama ya avoka kucheka. Lakini wewe haukimbii mashindano. Unashuka kila mara, unapanda kila mara, uko na bifurushi. Mwenye kutafuta raha ya safari, mukanda yenye imefungwa kwa kiasi, yenye bidole binaweza kucheza ndani, inamutosha. Rudisha mikanda yako. Ile shauri nimekata, usiniulize tena.

Sasa tuje kwa yenye haukuuliza.

Wewe, mutoto ya masomo akiingia na bega moja chini kupita ingine, unaiona tangu pa mulango. Na mu nyumba yako kuko mwanaume mwenye haikali tena pa kiti ya chini. Bobine haokoti. Analala pa sakafu ngumu na mvua inje. Anaegemea kila mulango. Bibi yake anaanguka pa rond-point na yeye anabakia juu ya kinga, hashuki. Biatu yake anaiacha wazi mpaka bidonda. Yote umeiandika na mukono yako, neno kwa neno, kiisha unaniletea Gaëlle! Muache Gaëlle na mbio yake.

Mama, bwana yako hakatai kuinama. Hawezi. Ni mugongo.

Mi siko munganga, na Paulin sijamuona. Lakini muntu ya depot ya simenti, wewe unafikiri ile mifuko inajipandisha yenyewe mu kamio ya mizigo? Sasa angalia tena ile karton. Alitafuta pedali yenye haitamulazimisha kusema, mbele ya Guelor na kikundi yote, "Bibi yangu, leo siwezi kufika pa kiatu yako." Akapata yenye kufunga yenyewe. Akakununulia na wewe, usibakie unangojea mukono yenye haitakuja. "Hauna haja ya muntu": wewe ulisikia mulango inafungwa. Mi nasikia muntu anaomba musamaha anaangalia ukuta. Na kama anakimbia mbele na bale ba mbio, labda ni juu hataki umuone vile anashuka.

Kosa yake iko, sitamufichia. Aliona heri ukasirike kuliko umuhurumie, akakuacha peke yako mu kiwanja na ngozi ya kiti ya motokari. Utamuambia ile, uko na haki, lakini si ya kwanza kumuambia.

Ya kwanza ni hii. Leo, si kesho, Syntiche akiwa kwa jirani, usianze na "juu ya nini haunipendi tena." Muulize, "Mugongo inakuuma tangu lini?" Kiisha nyamaza. Najua kunyamaza haiko kazi yako, nimeona urefu ya barua, lakini nyamaza mpaka ajibu. Ya pili, mupeleke hospitali mbele ya siku ya Mungu, wewe mwenyewe, usimutume, juu akitumwa atapitia kwa Guelor na atarudia anasema amepona. Asiguse mufuko ya simenti hata moja mbele munganga aseme. Munganga akikataza kinga, mutaenda ku njia ya Kipushi na miguu, na kikundi ibapite, haitakuwa mwisho ya dunia. Akiruhusu, yeye abakie na automatique yake, juu ya mugongo yake, na wewe na mikanda yako. Kwani nani amesema bibi na bwana bakuwe na pedali moja?

Na wewe usimungojee tena. Siku ya Mungu, mbele ya kuondoka, leta kiti ya juu inje, umuikalishe, na biatu yake wazi vile anaiachaka. Atauliza unafanya nini. Usimujibu. Piga goti pa udongo, na kikwembe yako ya misa, mbele ya Guelor, mbele ya bote, ushike ile masikio ya mbuzi, uvute polepole, umuulize, "Inakubana?" Kama nimekosea habari ya mugongo, utakuwa umeinama mara moja bure, na ile haijaua mwanamuke. Kama sikukosea, atakawia kujibu. Mungojee.

Ukiisha kufunga, piga-piga kiatu yake mara mbili na kiganja. Maana yake anaijua.