Sanduku la Mama Limefungwa, Nondo Wako Ndani

Kambi ya wachimbaji, Rustenburg
Tarehe 9 Juni, mwezi wa nne tangu nitoke nyumbani

Mama Masechaba, mshauri wetu tunayekusikiliza chumbani kila Jumapili tukipiga pasi, sijawahi kuandika barua kwa redio na shule niliiachia darasa la tano nikaenda kuchunga, kwa hiyo nivumilie, lakini jambo hili limenikaa kifuani na kila ninayeweza kumwambia ni mmoja wa wanaohusika, ndiyo maana nakuja kwako.

Mimi ni mtu wa milimani, upande wa Mokhotlong, mtoto wa kwanza kwa mama yangu. Mama alifariki mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimeshika kweli kweli, nikapewa ruhusa kwenda kuzika. Desturi yetu unaijua. Baada ya mazishi mashangazi walifua nguo zake zote ili zifungiwe, zingoje siku ya kugawiwa, na mwenye kugawa ni mjomba, kaka yake mama, Mjomba Khoabane. Siku ile jua lilichungulia likarudi ndani, na jioni nguo zilikuwa bado kwenye kamba, mke wangu akashika pindo la blanketi akasema, "Mjomba, hili bado bichi." Mjomba akamjibu, "Mkwe wangu, nguo za dada yangu hazitalala nje kama za mtu asiye na ndugu. Kunja, tia sandukuni." Hakuna aliyebisha, mimi pia sikubisha, tukakunja tukatia. Sanduku la bati likapigwa kufuli mbele ya ukoo wote, ufunguo nikapewa mimi, mjomba akatangaza kwamba halifunguliwi mpaka nirudi na watu wakutane, na kesho yake nikapanda gari ufunguo ukiwa shingoni.

Tulipatana tukutane Pasaka, lakini Pasaka mgodini wakaniambia siku zangu nilizimaliza kwenye mazishi.

Ndani ya sanduku kuna magauni, shali, na sare yake ya chama cha akina mama wa kanisani, na hivyo vyote navipenda kwa kuwa vilikuwa vyake, ila kinachoninyima usingizi ni kimoja, blanketi lake la harusi, la sufu, rangi ya kahawia lenye michoro ya mahindi, ambalo alifungwa nalo mabegani siku alipoletwa kwa baba. Alilivaa siku kubwa tu. Kila majira ya baridi alilitoa akalianika na kulipiga kwa fimbo ya mpichi, akatuambia tukae mbali na mikono yetu ya mafuta. Picha ya mama hatuna, ipo ile ya kitambulisho tu, na pale hafanani hata na yeye mwenyewe. Likipotea blanketi lile, watoto wangu nitawaonyesha nini?

Sasa, mke wangu analala katika nyumba ya mama ili isipoe, na usiku anawasha moto kwa sababu huko sasa ni barafu. Mwezi uliopita akanipigia simu.

"Baba Motebang, kuna vipepeo vidogo vinatoka kwenye upenyo wa sanduku."

"Hao ni wadudu wa taa."

"Wa taa hufuata taa. Hawa nikiwasha taa wanakimbilia gizani. Na sanduku lenyewe linanuka kama soksi zako."

"Usiliguse."

"Sijaligusa. Nakaa kitandani nalitazama likiliwa. Nichukue nyundo?"

"Ukivunja kufuli watasema mkwe ameiba nguo za marehemu."

"Basi leta ufunguo."

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Siku ya tatu yake akapiga dada yangu, Puseletso, aliyeolewa kijiji cha jirani, na yeye hajui kubembeleza.

"Kaka, unalinda nini hasa? Unataka mimi nije nirithi matundu?"

"Mjomba alisema tusubiri."

"Mjomba alisema, mjomba alisema. Mjomba anakaa mwendo wa nusu siku kwa farasi. Nondo wanakaa humo humo ndani. Nipe ufunguo nilipeleke kwangu nikalifue."

Hapo ndipo penye mwiba, Mama Masechaba, na nakwambia bila kuficha. Mama aliniambia kwa kinywa chake, tukiwa wawili jikoni, kwamba blanketi lile liende kwa mke wangu. Puseletso naye anasema mama alimwahidi yeye, na ni kweli ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, akimwinua na kumlaza, mimi nikiwa chini ya ardhi huku. Likienda kwake kufuliwa halitarudi. Na nikimpelekea mke wangu ufunguo, Puseletso atasema tumefungua ili tuchague kabla ya siku. Na nikimwambia mjomba kwamba sanduku limeoza, itakuwa kama nimemwambia mbele ya ukoo kwamba aliyeliozesha ni yeye, na mjomba wangu ni mtu aliyekaa miaka miwili bila kuongea na baba kwa sababu ya ng'ombe mmoja aliyeletwa mlemavu kwenye mahari.

Mwenzangu wa chumbani, Tankiso, ananicheka. "Bwana, huo ni ufunguo wa benki? Mpaka bafuni unaoga nao." Nilipomweleza akasema, "Ya nini kuumia? Maduka ya mjini yanauza mablanketi ya aina hiyo hiyo. Nunua, likunje, ukifika lipenyeze sandukuni. Nondo hawatatoa ushahidi." Jumamosi nilikwenda dukani nikaliona, mahindi yale yale, kahawia ile ile, nikalishika kwa muda mrefu mpaka muuzaji akaniuliza kama ninanunua au ninajifunika. Sikununua siku hiyo, lakini sitakudanganya, nimemwomba aniwekee.

Niambie nifanye nini. Nikae na ufunguo na kungoja kama mjomba alivyoagiza, au nimruhusu mke wangu avunje, au nimpe dada yangu, au nichukue la dukani ninyamaze? Majina nimeyageuza, maana mjomba naye anasikiliza redio. Likizo yangu imepangwa Septemba, na natarajia kufika nyumbani Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo.

Ni mimi,
Seabata


MAJIBU YA MAMA MASECHABA

Seabata, pole kwa mama. Kuzika leo na kesho kushuka shimoni bila hata kukaa na ndugu zako ukalia, hilo peke yake ni zigo. Pole hiyo inatoka moyoni. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta sentensi moja, sikuipata. Mke wako anajua kuna nondo. Dada yako anajua. Tankiso anajua, muuza mablanketi labda anajua, na sasa nchi nzima inajua. Mjomba je? Unaniambia mjomba amekataza. Mjomba alikataza Februari, sanduku likiwa halina mdudu hata mmoja. Tangu wapeperuke hujamuuliza, halafu unajificha nyuma ya neno lake kama mtoto nyuma ya gauni. Na kama ulidhani kugeuza majina kunatosha, blanketi la mahindi na jioni ya mvua hukuvigeuza, kwa hiyo mpigie leo, kabla jirani yake hajampigia.

Unaogopa kumwaibisha. Basi usimwaibishe. Nani amekutuma umweleze kuhusu ubichi? Sema hivi: "Mjomba, nguo za dada yako zimeingiwa na wadudu, na sisi watoto hatuwezi kuzigusa bila wewe. Tunakuomba uje." Ukome hapo. Kifuniko kikifunguka pua yake itamweleza yaliyobaki, na mzee akijihukumu mwenyewe hakasiriki na mtu. Mkwe wake alimwonya mbele ya watu, na hajasahau, niamini mimi.

Tena kufungua si kugawa. Hapa ndipo mlipochanganya mambo nyote watatu. Mwombe mjomba aje kuanika, si kugawa. Puseletso awepo, mkeo awepo, mashangazi waliofua wawepo. Kinachotoka kinahesabiwa kwa macho ya wote, na kinarudi ndani kwa macho ya wote. Hakuna anayeondoka na hata kitambaa cha kichwa.

Ufunguo usiende kwa mkeo wala kwa dada yako. Ijumaa hii gari la watu wa Mokhotlong litatoka hapo Rustenburg kama kila Ijumaa. Tafuta mtu mzima unayemjua, mpe ufunguo aupeleke mkononi mwa mjomba. Ukikosa mtu, mjomba mwenyewe aamuru kufuli likatwe. Kufuli lililokatwa na mjomba mbele ya ukoo si wizi. Kufuli jipya mtanunua.

Mama Motebang, najua unasikiliza, kwa hiyo haya ni yako. Sanduku litolewe nje kabla ya kufunguliwa, wasije wakatawanyika ndani ya nyumba. Hao wanaoruka hawali kitu, wanaokula ni watoto wao, vijidudu vyeupe mithili ya punje za mchele vilivyojificha kwenye mikunjo na pindo. Tandaza blanketi juani, jua la Juni huko kwenu ni kavu na ndilo dawa yenyewe. Geuza, piga kwa fimbo taratibu, kisha piga brashi kila pindo na kila mshono, maana mayai hukaa hapo. Jioni liingizwe ndani mahali pakavu mbali na nguo nyingine, ili mjomba asione limelala nje, na kesho litolewe tena, na siku zinazofuata tena, mpaka lisinuke kabisa. Usilitie kwenye maji ya moto, sufu itajikunja na hutalitambua. Penye ukungu, acha pakauke kwanza, ndipo upige brashi, na ufunge kitambaa puani.

Sanduku lenyewe lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, likauke juani siku nzima. Likirudi ndani, liwekwe juu ya mawe, lisiguse sakafu wala ukuta, na liwe mbali na moto wako wa usiku, kwa sababu joto hilo ndilo lililowaamsha hao wadudu katikati ya majira ya baridi. Blanketi lifungwe kwa shuka safi la pamba, si mfuko wa plastiki, plastiki inafungia jasho. Majani makavu ya lengana, ule mmea mchungu wenye harufu kali, ni mazuri, mama zetu wote waliyaweka, lakini yanafukuza tu, hayaui, kwa hiyo yawekwe baada ya kusafisha na si badala ya kusafisha. Vidonge vya dukani vya kuua nondo vifungwe kwenye kitambaa visiguse sufu, na watoto wasivione, wanavidhania pipi. Na kila mwezi lifunguliwe litazamwe, mjomba akitoa ruhusa hiyo mara moja mbele ya wote.

Seabata, rudi kwako sasa. Kuhusu lile la dukani, kesho nenda ukamwambie muuzaji alitundike tena. Unataka kumdanganya Puseletso? Yule aliyemfunika mama yako na kumfunua mpaka siku ya mwisho? Atalijua kwa kidole akiwa amefumba macho. Na siku hiyo hutakuwa umepoteza blanketi, utakuwa umepoteza dada.

Jiandae pia kwa habari mbaya. Miezi minne ni mingi kwa nondo, na huenda kuna matundu tayari. Matundu yanatiwa viraka na fundi mzuri, na yasiyotiwa viraka yanabaki. Usimtafute wa kumlaumu kwenye simu.

Halafu mpigie Puseletso, kabla hata ya mjomba. Mwambie ulichoniambia mimi: kwamba unajua nani alimwinua mama na kumlaza. Sidhani umewahi kumwambia hilo. Usiliunganishe na blanketi, sema tu, ukate simu bila kusingizia mtandao.

Nani apewe, hilo lina siku yake, na wewe utasema ulichosikia jikoni, na yeye atasema alichosikia kitandani, na mjomba ataamua. Mnaweza hata kugombana, ndugu hugombana. Lakini ili mgombanie blanketi, lazima blanketi liwepo. Vua huo ufunguo shingoni, umtafute mtu wa Ijumaa.