Kalenda Mbili Kwenye Friji

Nyumba Na. 214,
Mtaa wa Ébano,
La Anacua, Texas.
Jumapili, 13 Aprili 2025.

Mpendwa Mjomba Evaristo,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Michigan imeanza kukuonea huruma. Goti linaendeleaje? Usinijibu "halina neno" kama ulivyonijibu Krismasi. Nataka jibu la kweli.

Sisi huku hatujambo. Mgongo wa Mama umetulia tangu walipompa kiti kule wanakopakia mabalungi. Pasaka ni wiki ijayo, kwa hiyo anayatoboa mayai kwa juu na kutunza maganda, ili tuyajaze vipande vya karatasi na kupasuliana vichwani. Matokeo yake tumekula mayai siku tisa mfululizo, na hakuna anayethubutu kulalamika.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu, ukisikia jambo zito, ghafla mtandao unakuwa mbovu. Barua huwezi kuikatia.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipoingia hii shule yetu, sekondari inayosomesha na chuo humo humo? Ulisema ni kama ile sabuni ya nywele ya mbili kwa moja, haisafishi wala hailainishi. Basi, Mjomba, sabuni imesafisha. Mwezi ujao nachukua stashahada ya chuo na cheti cha sekondari, na Agosti nikiingia chuo kikuu naanzia mwaka wa tatu. Nina miaka kumi na minane. Ndiyo, najisifu, na bado sijamaliza.

Ila nusura niharibu kila kitu, na ni kwa ajili ya mbuzi.

Tuna kalenda mbili kwenye friji. Ya sekondari ni ya kijani, ya chuo ni ya bluu, na hazipatani hata kidogo. Sekondari kuna kengele, na kwenda chooni mpaka uombe ruhusa. Ukivuka uwanja tu kwenda upande wa chuo, hakuna kengele na hakuna anayekufuata. Ukija umekuja, usipokuja shauri yako. Sasa, Ijumaa ya maonyesho ya mifugo sekondari zetu hufungwa, unajua mwenyewe, ni tangu enzi zenu. Nikaamka, nikavaa buti, nikaenda kumshangilia binamu yangu Odalys na mbuzi wake. Mbuzi alishika nafasi ya nne. Nilikuwa na taco ya nyama mkononi, nimeshaing'ata mara moja, nilipokumbuka kwamba chuo hakifungwi kwa ajili ya mbuzi. Saa tatu asubuhi ile ilikuwa zamu yangu ya kutoa hotuba katika somo la kuzungumza mbele ya watu, na hotuba hiyo ilibeba nusu ya alama zote. Nilipoangalia simu ilikuwa saa tano.

Nikipata sifuri, nafeli somo. Nikifeli somo, stashahada hakuna. Na stashahada isipokuwepo, wewe ndiye unayepona. Usijifanye umesahau. Nilipokuwa darasa la tisa nilikuuliza utakuja lini nyumbani, ukasema, "Siku utakayohitimu chuo nitakuja, mpwa wangu, hata kwa kutambaa." Ulipiga hesabu ukaona una miaka minane ya kupumua. Ulijua nasoma shule ya aina gani, lakini hukuiamini. Mimi nimesoma miaka hii yote nikiihesabu ahadi hiyo, kwa hiyo siku ile sikuililia alama peke yake.

Mama aliposikia, alivaa viatu vya kanisani akaenda kumwona Profesa Ozuna. Unamjua dada yako, hajawahi kutoka ofisi ya mwalimu bila kupata alichofuata. Profesa akamwambia kwa adabu, "Samahani, mama. Kwa sheria ya chuo siwezi kuzungumza nawe habari za mwanafunzi."

"Mwanafunzi gani? Mimi nauliza habari za mwanangu."

"Ndiye huyo huyo, mama."

Alirudi amenuna, akavua viatu mlangoni, akaniambia, "Haya, mtu mzima. Nenda mwenyewe."

Nilikwenda. Nilikuwa nimetayarisha uongo wa gari kuharibika, tena uongo mzuri, wenye moshi na kila kitu. Nilipofika mlangoni ukaniponyoka. Nikasema tu, "Profesa, nilikuwa kwenye maonyesho ya mbuzi. Niliangalia kalenda isiyohusika."

Aliweka kalamu mezani. "Alishika nafasi ya ngapi?"

"Ya nne. Ni wa binamu yangu."

"Kila mwaka napata wawili watatu kama wewe," akasema, "na wote huniletea habari za gari bovu." Akanipa Alhamisi iliyofuata, kwa masharti mawili: nitahesabiwa kwa themanini badala ya mia, na nieleze kazi ninayoweza kuifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikachagua mkasi wako. Ule wa kukatia mizizi na majani ya vitunguu shambani, uliouacha nyuma ya mlango wa stoo. Niliupaka mafuta, nikaufunga kwa taulo, nikaenda nao. Kumbe chuo kinaruhusu, sekondari inakataza chochote chenye makali, na geti ni moja. Mlinzi akabaki nao. Kwa hiyo nilisimama mbele ya watu ishirini na wanane mikono mitupu, kitunguu hakipo, mkasi haupo, nikaanza: mizizi, geuza, majani, ndoo. Mizizi, geuza, majani, ndoo. Vile vile ulivyonifundisha uani nikiwa na miaka tisa. Mwanzoni walicheka. Nikawaambia kwamba aliyenifundisha aliacha shule darasa la kumi ili dada yake amalize, na kwamba mpaka leo mkono wake wa kulia haukunjiki vizuri. Hapo wakaacha kucheka.

Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa. Sheria inamkataza profesa kuzungumza naye, mimi hainikatazi kumwalika. Nilipomaliza alikuja mbele, akanishika kifundo cha mkono, akasema, "Unageuza mkono kama Evaristo."

Mjomba, miaka minne jina lako halikuwa limetoka mdomoni mwake. Alikuwa akikuita "yule wa Michigan", na hata hilo kwa nadra.

Sasa nitasema lile unalolikwepa. Ilikuwa Februari ile ya barafu, Bibi alipofariki, umeme umekatika kwenye Bonde letu hili zima. Najua barabara ilikushika Arkansas siku mbili, ukafika makaburini Bibi ameshafunikwa. Najua Mama alikuambia mbele ya watu kwamba hata mama yako hukuwahi kumzika. Lilikuwa neno baya. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilidhani kosa ni lako. Mwezi uliopita, nikiwa nimesimama pale na taco yangu, nilijua kwamba mtu anaweza kukosa jambo kubwa bila kulidharau. Niliumia kwa ajili yako, na naona aibu kwamba nimechelewa kukuambia.

Matokeo yametoka juzi. Nimepata sabini na saba kati ya themanini, na somo nimefaulu. Mahafali ya chuo ni Ijumaa tarehe 9 Mei, saa moja jioni. Ya sekondari ni tarehe 30. Yaani kwa wiki tatu nitakuwa mhitimu wa chuo anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Miaka yako minane imekwisha katika minne, na hilo goti ulitengeneze, maana sitaki utambae kweli.

Nisalimie Don Fidencio na wote mnaoishi nao hapo shambani. Odalys anakusalimu sana, na mbuzi naye angali hai. Mama wa ubatizo Chelo anauliza kama siku hizi unakula.

Nilimwuliza Mama kama ana salamu zozote za kukutumia. Aliendelea kutoboa mayai yake. Lakini asubuhi ya leo nimekuta mwandiko wake kwenye friji, tarehe 6 Mei: "Evaristo anafika." Ameandika kwenye ya kijani, na ameandika kwenye ya bluu. Nikamwuliza mbona siku tatu kabla. Akasema, "Mwambie safari hii aondoke mapema, barabara ya Arkansas siiamini."

Mungu akulinde njia nzima, Mjomba, na akufikishe mlangoni kwetu.

Mpwa wako akupendaye na asiyesahau ahadi,

Nereida