Ng'ambo ya Barabara

Kaka,

Sisi hatujambo, ila Mama bado amelazwa. Mimi nimepata kazi katika jengo la maduka: natazama kamera na kuandika wateja wanatoka duka gani na kuingia lipi.

Jana nikakuona wewe, uliyetuambia uko ng'ambo na nauli huna. Ulitoka duka la viatu ukaingia la manukato, muuzaji akakushika mkono mkicheka. Msimamizi wangu akauliza, "Huyo unamfuatia nini?" Nikasema, "Mteja tu."

Kumbe ng'ambo yenyewe ni ya barabara, maana hospitali alikolazwa Mama inatazamana na mlango wa jengo hili. Sikutaka kukusitiri. Nimemwambia Mama ukweli. Hakukasirika, aliuliza tu, "Amekonda?"

Barua namwachia huyo wa manukato. Njoo umjibu Mama mwenyewe.

Mdogo wako.