Majina Yaliyofika Kutoka Kiwanja

Papa Furaha, mume wangu,

Bado niko kwenye biro ileile, ofisi yetu ya Goma ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wakati wa kukimbia vita. Kiti chako amekikalia mwingine. Programu tunayotumia ni ile uliyoitengeneza wewe.

Unamkumbuka yule mama wa Masisi, kambini Mugunga? Programu ya zamani ilitengenezwa kwa mashine za biro, kompyuta zenye rezo nzuri, mtandao usiokatika. Ilileta picha kwanza, maneno baadaye. Picha ya mtoto ikaanza kushuka polepole: nywele, paji la uso, kisha rezo ikakatika. Mama akakishika kioo cha mashine kwa mikono miwili. "Ni mutoto wangu! Musizime!" Rezo iliporudi, picha ikaanza upya, ikakatikia palepale. Siku ile ulirudi nyumbani, hukula.

Kesho yake ukaanza kuibomoa programu. Jina la mtoto litangulie, kijiji, jina la mama. Picha ije mwisho, tena ndogo. Rezo ikikatika, iendelee ilipoishia. Ikikosekana kabisa, mashine itunze kila kitu. Mkubwa wetu akakuuliza, "Na rezo ikikosa mwezi muzima?"

"Itangoja," ukasema. "Haina pa kwenda."

Yule mama akapata jibu. Mtoto alikuwa wake kweli.

Kisha ukaenda mji wa Kiwanja kuiweka kwenye mashine ya kituo cha afya. Mapigano yakafunga barabara. Simu yako ikanyamaza.

Asubuhi moja, baada ya majuma mengi, mashine ya Kiwanja ikaonekana kwenye kioo changu, na jina lako pembeni. Watoto wakaanza kuingia kiooni mmoja mmoja, na kila mmoja umemwandikia kwamba yu hai: "Anaishi." Nilipiga kelele, biro nzima ikasimama. Nikakuandikia: "Papa Furaha, ni wewe?" Nikangoja. Likaja jina la mtoto mwingine.

Mchana muuguzi wa kule akapiga simu. "Mama, ni mimi niliwasha mashine. Umeme umerudi leo, na majina bwana yako aliandika yakatoka. Yeye alitoka na pikipiki siku risasi zilianza, kutafuta watoto waliobaki njiani. Hatukumuona tena."

Kati ya majina yale kulikuwa na msichana ambaye nyanya yake alikuwa kambini Kanyaruchinya. Nilimpelekea habari mwenyewe. Alilia, akanishika mkono, akauliza ni nani aliyemwandika mjukuu wake, apate kumshukuru.

"Ni mume wangu," nikamwambia. "Yuko Kiwanja."

Hadi leo, mashine ile ikionekana, moyo unaruka, ingawa najua ni muuguzi. Jioni tukisali, Furaha anasema, "Mungu, umulinde papa." Mama yako anasema, "Mungu, umupumuzishe mutoto wangu." Mimi nawaitikia amina wote wawili.

Ubaki na Mungu, mume wangu.

Mkeo,
Mama Furaha